Hakuna Aliyeomba Kitambaa

6 Novemba 1961

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana na kambi yote imepiga kelele, nusu kwa furaha, nusu kwa hasira. Furaha kwa sababu vumbi limekwisha. Hasira kwa sababu vibanda vyetu ni vya matawi na maboksi, na boksi likilowa si ukuta tena, ni uji. Mimi na mwanangu Clément tumehamisha godoro kila pembe na bado limelowa.

Nimeanza tena kuandika. Masista wa nyumba ya uzazi, nilikokuwa msaidizi wa mkunga, walinizoesha kuandika kila siku hata kama hakuna kitu: nani kazaa, nani kaja, hali ya hewa. Haya basi. Mvua imenyesha. Hakuna aliyezaa. Hakuna aliyeomba kitambaa.

Hili la kitambaa limeanza kunikera. Huko Katuba, mjini tulikokuwa tukiishi, wanawake wa mtaa mzima walijua kwamba mama Virginie ana vitambaa: mashuka makuukuu niliyoyapasua, nikayachemsha, nikayapiga pasi, kwa ajili ya mwenye siku zake ambaye hana. Mwezi wa Agosti, vijana wenye minyororo ya baiskeli walipopita mitaani wakiuliza nani Muluba wa Kasai kama sisi, nilikimbia na furushi la vitambaa nikaacha sufuria. Clément alinicheka njia nzima mpaka hapa kwa askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa. Wiki za kwanza wanawake walikuja, tena wengi. Septemba wakapungua. Sasa furushi liko kichwani pa godoro, kavu na safi, na hakuna anayebisha hodi. Mwanzoni nilidhani wanaona aibu.

9 Novemba

Mvua. Unga umechelewa.

10 Novemba

Mvua. Unga haukuja.

14 Novemba

Leo Kapinga amekuja. Huko Katuba tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mwanamke wa mwili hasa. Nilikuwa nikimtania kwamba anaingia kanisani kwa ubavu, naye akinijibu kwamba hakuna mwanaume anayeoa ufagio. Sasa kikwembe chake kilekile kinamzunguka mara tatu, na ngozi ya mikono inaning'inia. Tumecheka kidogo juu ya hayo. Halafu akaacha kucheka.

“Virginie, weye njo mukunga. Kuya uone bibi ya mutoto wangu. Mwezi yake ilisimama tangu ku Agosti. Na tumbo iko inakomea, inakuwa mukubwa. Stanislas iko Kambove. Sasa ile mimba iko ya nani?”

Stanislas ni mwanawe pekee aliyebaki. Anafanya kazi kwenye migodi ya Kambove, na tangu barabara zijae vizuizi hajaweza kuja. Mkewe, Delphine, ni binti wa miaka ishirini na nne, mwembamba tangu zamani, mwenye sauti ya chini. Wana mtoto wa kike wa miaka mitatu, Mado. Wa pili, mvulana, alikufa Julai akiwa bado ananyonya.

Nilimlaza Delphine nikampapasa. Tumbo limejaa, kweli, lakini nikibonyeza kidole shimo linabaki. Ni maji ya njaa. Mji wa mimba umelala, mdogo, hauna mtu ndani. Nilipomshika kiuno mfupa ulinifikia mkononi bila nyama yoyote katikati.

“Hana mimba,” nilimwambia Kapinga. “Ana njaa.”

“Na miye sina njaa? Bote tuko na njaa. Mutoto anaweza kujificha mu tumbo. Tutaona.”

Delphine alifunga kikwembe chake, akamshika Mado mkono, akatoka.

20 Novemba

Nimezungumza na Mama Docteur, yule Mholanzi anayekuja kwenye hema la wagonjwa ninakosaidia. Nilimweleza kuhusu vitambaa, kwamba hakuna anayeomba, si Delphine peke yake. Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba amewahi kuyaona haya kwao. Katika majira ya baridi ya mwisho ya vita vyao, yeye akiwa mwanafunzi, watu walikula maganda na mizizi ya maua, na wodi nzima ya wasichana haikuona siku zake. Mkate na siagi viliporudi, siku nazo zikarudi.

Niandike kama alivyonieleza, nisije nikasahau. Mafuta ya mwili wa mwanamke si pambo. Ni akiba. Mwili huiangalia akiba hiyo, na ukiona ghala tupu, husema: huu si wakati wa kubeba mtoto. Basi kichwa huyaambia mayai ya ndani yalale. Yakilala hayapeleki tena katika damu kile kitu anachokiita homoni, ambayo ndiyo huleta siku. Na homoni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa isipoteze chokaa yake. Ndiyo maana sisi tuliokwisha kukoma tunavunjika upesi, na wembamba huvunjika kabla ya wanene. Alisema wataalamu bado hawajalimaliza jambo hili lote, lakini yeye ameliona kwa macho.

Kumbe ule mwili wa Kapinga tuliokuwa tukiutania ulikuwa ghala.

Nikamwuliza, basi tumpe nini Delphine? Akasema: mafuta, samaki, maziwa. Kisha akatazama meza. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee, lakini uji wenyewe uwepo. Maziwa ya unga yanayokuja ni ya watoto, ya wenye mimba na ya wanaonyonyesha. Mtoto wa Delphine amekufa, na mimba hana. Laiti kile anachosingiziwa kingekuwa kweli, leo angekunywa maziwa.

28 Novemba

Nimemweleza Kapinga. Amecheka mpaka akashika mbavu.

“Mafuta njo inaleta mwezi? Basi miye ku Katuba ningekuwa nazo kila juma!”

Nilicheka naye, Mungu anisamehe. Ilikuwa inachekesha kweli.

3 Desemba

Clément ameanza kumchotea Delphine maji. Anawachotea wengi: vikongwe, wenye mimba, yeyote. Nilimwambia watu wana macho. Akaniambia, “Mama, ndoo ni ndoo.” Angeingia seminari kuu mwezi wa Septemba. Shati jeupe nililomshonea kwa siku hiyo liko chini ya mto wake, halijavaliwa. Mimi nimeshajizoesha kuitwa mama wa padri, hata kabla ya wakati.

5 Desemba

Bunduki tangu asubuhi, upande wa uwanja wa ndege, ONU na askari wa wale waliotufukuza.

7 Desemba

Bunduki. Mvua.

12 Desemba

Mizinga. Furushi la vitambaa limekwisha leo. Vyote viliombwa kwa siku moja, na si na wenye siku zao. Kwa cha mwisho nimefunga bega la mzee mmoja ambaye simjui jina.

14 Desemba

Clément.

2 Januari 1962

Mwaka mpya. Nimeona niandike, maana masista wangeniuliza.

Alikuwa ametoka na ndoo mbili. Bomu liliangukia karibu na bomba la maji. Walimleta kwenye mlango mmoja wa kabati, na ndoo pia wakaniletea, kana kwamba ningezihitaji. Hakuwa na kidonda kikubwa. Nilimsafisha mwenyewe. Vitambaa vilikuwa vimekwisha, nikatumia kikwembe changu. Shati jeupe sikumvika. Katekista aliniuliza, nami nikakataa, sijui kwa nini. Nadhani niliona nikimvika litakuwa limekwisha kazi yake.

Amezikwa na wengine kwenye ardhi nyekundu nyuma ya kambi. Jumapili jina lake lilisomwa katika sala ya marehemu. Kapinga alikaa nami mchana kutwa, akanisongea bukari, akanilazimisha kula tonge moja moja kama mtoto. Namwandika hapa ili nikimkasirikia nikumbuke.

11 Januari

Mguu wa Delphine umevunjika.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake kwenye njia ya kutoka bombani. Alikuwa na beseni kichwani, halikujaa hata nusu. Njia pale ina jiwe dogo, chini ya goti, ambalo watoto wanaruka siku nzima. Akashuka kutoka jiwe lile, mguu wa kushoto ukatangulia, nikasikia sauti. Hakuanguka kwanza ndipo ukavunjika. Ulivunjika, ndipo akaanguka. Beseni likaniangukia miguuni.

Hakulia. Alitazama mguu wake ulivyokaa upande, akaniambia kwa mshangao, “Mama Virginie, sikufanya kitu. Nilitembea tu.”

Tulimbeba mpaka hema la wagonjwa. Mama Docteur aliunyoosha mguu bila dawa ya usingizi maana hakuna. Delphine aliuma mkono wangu na alama iko hapa. Wakamfunga plasta. Mama Docteur akaniambia pembeni kwamba muundi wa mwanamke wa umri ule hauvunjiki kwa kushuka jiwe. Watoto wawili wamefuatana, amewanyonyesha wote kwa miezi mingi, kisha njaa, kisha siku kukoma: mifupa imetoa chokaa bila kurudishiwa. Akarudia: mafuta, samaki, maziwa. Safari hii hakutazama meza, alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kapinga alifika, akasimama mlangoni pa hema, hakuingia. Aliutazama mguu kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya mabomu. Alikuwa anaogopa.

“Muntu anavunjika bila kuanguka?” alisema. “Virginie, ile haiko bugonjwa. Ile iko tshibawu.”

12 Januari

Jambo hili nimezaliwa nalo na nalijua, siwezi kujifanya mzungu. Tshibawu, kwetu Kasai, ni balaa linaloingia nyumbani mke wa mtu akilala na mwanaume mwingine kisha akanyamaza. Hafi yeye kwanza. Anakufa mume, au mtoto, kwa chakula alichokipika, kwa mkono wake anapowagusa. Dawa ni moja: aseme, na amtaje mwanaume huyo, mbele ya wanawake wa ukoo. Akisema anaoshwa, na neno linakwisha kabisa. Hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha tena maisha yake yote. Ni sheria ngumu lakini ina mlango wa kutokea. Tabu ni ya yule ambaye hana la kusema.

Kapinga anahesabu hivi: mtoto wa kiume alikufa Julai, siku zikakoma Agosti, sasa mfupa. Anayefuata ni Mado, au Stanislas. Kwa hiyo amemchukua Mado alale kwake. Delphine asisonge, asimlishe mtoto, asile chungu kimoja nao. Na chakula cha nyumba hupewa mkubwa wa nyumba, yaani Kapinga.

Nimemleta Delphine kibandani kwangu. Analala upande wa Clément.

19 Januari

Mvua. Tunagawana posho yangu. Namwambia nimeshiba, naye ananiambia ameshiba. Waongo wawili.

2 Februari

Mama Docteur amekwenda mwenyewe kwa Kapinga, mimi nikitafsiri. Alieleza yote, polepole, akichora mfupa kwa kijiti chini. Kapinga alimpa kigoda, akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akamshukuru. Alipoondoka akaniambia, “Docteur anajua mifupa. Mambo ya bantu yetu hajue.” Mvua ikanyesha ikafuta mfupa ule uliochorwa. Nilirudi nikiwa nimechoka kuliko siku za kubeba majeruhi.

16 Februari

Stanislas amefika. Ametembea kutoka Kambove, akilala porini, akinyeshewa, akivizia malori ya ONU. Amekonda na anakohoa. Alikuja mpaka mlangoni kwangu akasimama mvuani. Delphine alitaka kusimama, plasta ikamzuia.

“Ingia,” nikamwambia.

“Mama anasema nisiingie kwanza.” Kisha, kwa Delphine: “Uko bien?”

“Niko bien. Unakohoa.”

“Ni mvua tu.”

Wakatazamana. Ni watu wanaopendana, mtu asiniambie vingine. Lakini alikohoa tena, na nyuma yake, kwenye njia, nilimwona Kapinga amesimama, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

21 Februari

Anakohoa zaidi. Mama Docteur anasema mapafu yameshika baridi, amempa vidonge. Kapinga anasema wote tunajua ni nini.

25 Februari

Nilipata kichwa cha samaki mkavu kwa mwanamke mmoja niliyemzalisha. Delphine alikula nyama ya mashavu, akabakiza kipande kizuri kuliko vyote. Mado alikuwa akipita na watoto wenzake. Akamwita.

Mtoto alisimama mbali, kidole mdomoni. Alimtaka mama yake, ilionekana wazi. Delphine akanyoosha mkono wenye samaki.

“Mamu anasema nisikamate,” Mado akasema. Mamu ni Kapinga, wote nyumbani humwita hivyo. “Mukono yako iko na bibaya.”

Akakimbia. Delphine alikishika kipande kile mpaka jioni. Mimi sikuweza kumwambia akile, wala sikuweza kukila mimi. Mwishowe nikampa mtoto wa jirani, nikaingia nikalia kwa hasira. Nina masomo ya ukunga, nina maelezo ya daktari, najua kwa nini, na kujua kwangu hakuna faida yoyote kwa mtoto wa miaka mitatu.

10 Machi

Delphine ameniuliza tukichambua mboga: “Mama Virginie, muntu akisema uwongo juu ya kupata mutoto wake, Mungu anakamata namna gani?”

Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia ukweli haufi. Nilisema mambo mengi mazuri. Akaendelea kuchambua matembele.

17 Machi

Nimekaa na karatasi hii tangu nirudi kutoka kwa Kapinga na bado sijui pa kuanzia.

Asubuhi Delphine alinipa mkono, nimsaidie kusimama. Plasta imekwisha kutolewa, mguu ni mwembamba kama wa mtoto, anatembelea fimbo. Akasema tu, “Unisindikize kwa Mamu.” Nikajua. Nilimsindikiza. Ningefanya nini, nimfunge kamba?

Walikuwa wameshakaa, wanawake wa ukoo, nyuma ya kibanda cha Kapinga, kwenye kivuli cha turubai. Kulikuwa na beseni la maji yenye majani na kuku mmoja, na kuku katika kambi hii si jambo dogo. Saa ya mkononi ya Stanislas ndiyo iliyobadilishwa kumpata. Wanaume hawakuwapo. Mado alikuwa amepakatwa na shangazi yake, ananyonya kidole.

Delphine aliketishwa chini, mguu umenyooshwa. Kapinga akamwuliza mara moja, bila ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

“Mutoto wangu, sema. Ukisema, inaisha. Weye utapona, bwana yako atapona. Ulifanya?”

“Nilifanya.”

Wanawake walishusha pumzi wote pamoja. Mmoja akapiga makofi mepesi. Nilitaka kusimama niseme anadanganya, ana njaa tu, mwulizeni Docteur. Lakini Mado alikuwa ameshatoa kidole mdomoni anamtazama mama yake.

“Na nani?”

Nilimwona Delphine anatafuta jina. Akitaja mwanaume aliye hai, wajomba wa Stanislas watamvunja leo hii kabla ya jua kutua, na mke wake, na watoto wake. Alitazama chini, akatazama mguu wake. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu.

“Clément,” akasema. “Mutoto ya Mama Virginie.”

Nilimchukia. Naliandika kama lilivyokuwa. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilimchukia yule msichana anayelala kwenye godoro la mwanangu kuliko nilivyomchukia aliyelirusha bomu.

Kapinga akanigeukia taratibu. Jambo hili, likisemwa kwa uongo, humrudia mume mara mbili, na yeye hawezi kubahatisha na mtoto aliyembakia. Alikuwa na haki ya kuuliza.

“Virginie. Ule alikuwa mutoto wako. Alikuwa analetaka maji kwa Delphine kila siku, miye niliona na macho. Weye mama yake, ulijua? Ni kweli?”

Wote wakanitazama. Kuku alikuwa ananyonga shingo ndani ya kamba. Clément hakuwahi hata kukaa kwenye mkeka mmoja na mwanamke asiye mimi. Alikuwa akiinamisha macho akiwapa ndoo. Jina lile ndilo kitu pekee nilichobaki nacho kisicholowa mvua. Nikikataa, Delphine ni mwongo mbele ya tshibawu, na mwongo hana mlango tena. Atabaki na fimbo yake katika nchi hii na siku ONU itakapoturudisha kwetu Kasai, Mado atapanda treni bila mama.

Nikasema, “Ndiyo. Ni kweli. Mwenyewe aliniambia.”

Wakachinja kuku. Wakamwosha Delphine mikono, miguu, kichwa. Mado alipoachiliwa alikwenda akampanda mapajani, juu ya mguu mbovu, na Delphine hakupiga kelele ingawa lazima uliuma. Nikaondoka kabla ya kula. Hakuna aliyenizuia.

18 Machi

Jumapili. Katekista amesoma majina ya marehemu. Ameruka moja.

22 Machi

Delphine alikuja akasimama mlangoni. Alisema, “Yeye peke yake njo hawawezi kumuua.” Nikamwambia najua. Nikamwambia aende akale.

3 Aprili

Mwanamke wa mstari wa tatu amezaa. Hawakuniita. Yeye Delphine ameoshwa, na hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha. Clément hajaoshwa na mtu.

12 Aprili

Kapinga anamlisha Delphine. Nimepita nikaona: bukari yenye mawese juu, samaki, karanga za kutwanga kwenye sombe ya majani ya muhogo, vyote amevinunua kwa posho yake mwenyewe, amemwekea yeye na Stanislas na mtoto. Kikohozi cha Stanislas kimekwisha. Vidonge vilikwisha juma lilelile. Mguu wa Delphine unaanza kuwa na umbo. Mashavu yamerudi.

Na Kapinga mwenyewe anakula nini? Nilimtazama akiinama kupakua, nikaona mgongo wake. Miezi sita iliyopita alikuwa amenyooka kama mlango. Sasa kuna nundu chini ya shingo, na amekuwa mfupi, kichwa chake kinanifikia bega. Anapoinuka anashika kiuno na kufumba macho. Anajitoa tonge kumpa yule ambaye yeye anaamini amemwaibisha. Siku zake zimekoma tangu zamani, mafuta yake yamekwisha hapa kambini, na mifupa yake sasa inalipa zamu yake. Nilitaka kumwambia. Nilimwambia nini Novemba? Alicheka.

24 Aprili

Mvua ndogo. Nadhani ndiyo ya mwisho.

8 Mei

Baridi. Wanasema treni za ONU zitaanza kutupeleka Kasai mwezi huu.

19 Mei

Kapinga amekuja, ameleta mafuta kidogo ndani ya chupa. Amekaa kwa shida.

“Nakuya kukuambia aksanti. Mama mwingine angekatala juu ya mutoto wake. Weye ulisema kweli, na mutoto wangu iko muzima.” Kisha akatazama chini. “Lakini unajua desturi. Mu wagon yetu hauwezi kuingia. Mama ya ule mwanaume hawezi kukula pamoja na Stanislas.”

“Najua.”

“Utapanda ya nyuma.”

“Nitapanda ya nyuma.”

Alilia, na mimi nikalia. Kisha nikamsaidia kusimama, maana peke yake hawezi tena.

27 Mei

Tunaondoka kesho. Leo mchana nilikuwa nafunga vitu vyangu, navyo ni vichache, Delphine akaja mbio. Mbio, na mguu ule. Akasimama mlangoni akishika kikwembe chake kwa nyuma, kama walivyokuwa wakisimama wasichana wa Katuba.

“Mama Virginie. Uko na kitambaa?”

Nilimtazama sana. Amenenepa kidogo, nyonga zimefunikwa. Akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

“Imekuya leo. Sijaambia muntu. Mamu akijua atasema njo ile, tshibawu imetoka kabisa.”

“Atasema hivyo,” nikamwambia. Na atawaambia wote ndani ya wagoni, na Kasai nzima, na wataamini, kwa sababu ni kweli kwamba alisema na ni kweli kwamba alipona. Yale mawese hakuna atakayeyataja.

Nikageuka kwenye furushi, kwa mazoea. Furushi halipo tangu Desemba. Nilipekua begi. Kikwembe ni kimoja, nimekivaa. Ndani blanketi, sahani. Na shati.

Delphine aliliona mkononi mwangu akarudi nyuma. “Hapana, Mama. Ile hapana.”

Nilianza kulipasua chini, kwenye pindo, nikidhani mshono wa pale ni mwepesi. Nilikuwa nimeushona kwa mkono na ulikuwa imara. Nililazimika kutumia meno. Nilitoa vipande vya kutosha siku zake zote za njiani, nikavikunja vinne vinne kama masista walivyonifundisha. Kola na mikono nimebaki navyo.

Mvua imekwisha. Hakuna aliyezaa. Mmoja ameomba kitambaa, nimempa.